Kiwanja Hakishuki Bei, Kinakaa

Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma wiki chache baadaye, matangazo ya viwanja yamebadili lugha. Zamani tangazo lilisema kiwanja kiko mita mia tano kutoka barabara ya lami. Sasa linasema kiko dakika kumi kutoka stesheni ya Soga, au jirani na bandari kavu ya Kwala, au, kwa Arusha, karibu na uwanja wa mpira unaojengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027. Mengine yote hayabadiliki: vimepimwa, lipa kidogo kidogo, hakuna riba, usafiri wa kwenda saiti ni bure kila Jumamosi. Wanaoyasoma matangazo haya wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaofurahi kwamba ardhi inapanda na kwamba asiyenunua leo atajuta kesho. Na wapo wanaolalamika kwamba ardhi inapanda na mnyonge ataachwa nje. Makundi hayo yanagombana juu ya maana ya jambo ambalo wote wawili wameliamini bila kulikagua, yaani kwamba bei inapanda.

Hoja ya makala haya ni kwamba wingi wa matangazo hauonyeshi soko linalopanda. Unaonyesha soko lenye bidhaa nyingi ambazo wenyewe hawataki kuzipunguza bei. Soko la viwanja vitupu katika Tanzania ya leo halishuki kama soko la nyanya, ambapo muuzaji anayeona jua linazama hupunguza fungu ili asirudi nazo nyumbani. Kiwanja hakiozi. Mwenye kiwanja kisichopata mteja huendelea kutaja bei ileile mwaka huu, mwakani na mwaka utakaofuata, na jirani yake anayemsikia huamini kwamba hiyo ndiyo bei ya eneo. Kinachobadilika ni muda wa kusubiri. Tukitaka kujua kama soko liko juu au chini, swali la kuuliza ni kiwanja kinakaa sokoni muda gani kabla ya kuuzwa, wala si kinauzwaje. Na swali hilo karibu hakuna anayeliuliza.

Ili kuelewa tulivyofika hapa ni lazima kukumbuka kwamba biashara ya kiwanja kitupu, kisheria, ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Umiliki wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa mwaka 1963, na tangu hapo ardhi yote imekuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais, mwananchi akiwa na haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa katika hati: miaka 33, 66 au 99. Katika zama za Azimio la Arusha na baada yake, msimamo wa serikali ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, na kinachouzwa ni maendelezo yaliyo juu yake. Ndiyo maana wazee wetu waliuziana minazi. Mtu aliyetaka kuuza eneo Mbagala au Tegeta aliandika mkataba wa kuuza mikorosho saba na banda la makuti, na wote waliotia sahihi walijua kwamba hakuna aliyesafiri kutoka mjini kwa ajili ya mikorosho. Hata leo, katika karatasi zinazogongwa muhuri na ofisi za serikali za mitaa, utakuta mstari unaoeleza mazao yaliyopo, kama mabaki ya desturi hiyo. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ndiyo iliyokubali kwamba masilahi katika ardhi yana thamani na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika miamala, na marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua mlango wa kuuza ardhi isiyoendelezwa. Kwa hiyo msemo kwamba ardhi haijawahi kushuka bei hauna ushahidi wa karne nyuma yake. Ni uzoefu wa takriban miaka ishirini, na miaka hiyo ilikuwa na upepo wa upande mmoja: uchumi ulikua, barabara za lami zilisambaa, umeme ulifika vitongojini, na kizazi cha kwanza cha watu wenye mishahara ya uhakika kiliingia sokoni kwa pamoja.

Katika miaka hiyo hiyo serikali yenyewe iliingia sokoni. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulipima maeneo ya Mbweni, Boko, Bunju, Tuangoma, Kibada, Gezaulole, Buyuni na kwingineko, na ukavuka idadi uliyojiwekea. Nia ilikuwa kuzuia ujenzi holela katika jiji ambalo wakazi wake wengi huishi katika makazi yasiyopangwa. Viwanja vilipatikana, watu walilipa, serikali ikarudisha fedha zake. Lakini sehemu kubwa ya viwanja hivyo ilibaki vichaka kwa miaka mingi, hasa upande wa Kigamboni na Buyuni, kwa sababu walionunua hawakuwa na haja ya nyumba kwa wakati huo. Walikuwa na haja ya mahali pa kuweka fedha. Wenye haja ya nyumba walikwenda mbele zaidi, wakanunua hatua ishirini kwa ishirini kwa mkulima, wakajenga bila ramani. Jiji lililokusudiwa kujipanga likaruka maeneo yaliyopangwa na kuota ng'ambo yake. Hapo ndipo tulipotakiwa kujifunza kwamba kupima kiwanja na kukikalia ni mambo mawili tofauti, na hatukujifunza, kwani kampuni binafsi za leo zinarudia mradi uleule kwa ukubwa zaidi na umbali zaidi.

Upande wa wanaoamini kwamba bei itapanda una hoja nzito ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni watu. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728, ongezeko la asilimia 23 hivi katika miaka kumi. Katika kipindi hichohicho Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 80. Hizi ni takwimu ambazo kila muuza viwanja angepaswa kuzibandika ukutani, kwa sababu zinaonyesha kwamba jiji limefurika na kumwagikia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo. Jiji la Dodoma nalo lilitoka watu 410,956 hadi 765,179, baada ya uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia serikali huko na kuvunjwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu mwaka 2017, hatua iliyowaondoa wamiliki kwenye mikataba ya miaka 33 na kuwapa hati za miaka 99. Aliyenunua Iyumbu au Ihumwa kabla ya uamuzi huo alipata faida ya kweli, si ya maneno. Hakuna anayeweza kusema kwamba mahitaji ni ya kubuni.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, ingawa wachumi huibeza. Kwa mwalimu, muuguzi, fundi au mama mwenye genge, kiwanja ni kibubu kisichovunjika. Fedha iliyo kwenye simu huisha kwa msiba, kwa ada, kwa ndugu aliyekwama hospitalini. Fedha iliyo ardhini haiwezi kuombwa na mtu siku ya Ijumaa jioni. Mpango wa kulipa kwa miezi kumi na miwili au ishirini na minne humlazimisha mtu kuweka akiba ambayo asingeiweka kwa hiari. Ukimwambia mtu huyo kwamba angepata faida kubwa zaidi kwenye hati fungani za serikali, yaani kwa kuikopesha serikali kwa riba, atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, ni nani angemzuia kuziuza mwezi wa pili. Ugumu wa kuuza kiwanja, ambao nimeutaja kama udhaifu wa soko, kwake ndio ubora wa bidhaa. Nakubali hoja hii karibu yote. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kudhani kwamba kibubu kizuri ni lazima pia kiwe kitega uchumi kizuri.

Ipo hoja ya tatu, na hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote na iliyo dhaifu kuliko zote: kwamba ardhi haiongezeki, watu wanaongezeka, kwa hiyo bei lazima ipande. Inasikika kama hesabu, lakini inachanganya ardhi na kiwanja. Ardhi ya Tanzania haiongezeki, ni kweli. Viwanja vinaongezeka kila siku, kwa sababu kiwanja huzalishwa. Mtaalamu wa mipango miji anachora ramani, mpima anaweka mawe, na shamba la mihogo la ekari hamsini linakuwa viwanja mia tatu na ushee. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukitoa theluthi moja au pungufu kidogo kwa ajili ya barabara na huduma za jamii, zinabaki takriban mita za mraba 2,800, yaani viwanja saba vya mita 400. Kutoka Vikindu hadi Mkuranga, kutoka Mlandizi hadi Chalinze, kutoka Mapinga hadi Kiromo na kuendelea, mashamba ya kugeuzwa viwanja bado yapo kwa maelfu ya ekari, na kila barabara au stesheni mpya inayofungua eneo moja hufungua pia mashamba shindani nyuma yake. Kariakoo ardhi haiongezeki. Vigwaza inaongezeka kila mpima anaposhuka kwenye gari.

Ugeuzaji huo wa shamba kuwa kiwanja unaeleza pia kwa nini watu wengi wenye akili timamu huona bei ikipanda mahali ambapo haipandi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kampuni inanunua ekari kwa shilingi milioni 5, inapima, inachonga barabara za udongo, inatangaza, inalipa madalali, na kuuza kwa shilingi 5,000 kwa mita ya mraba. Ekari hiyohiyo sasa imeleta shilingi milioni 14. Mnunuzi anayesikia kwamba miaka mitatu iliyopita mzee wa hapo aliuza ekari kwa milioni 5 anahitimisha kwamba ardhi ya eneo imepanda mara tatu na kwamba itapanda tena mara tatu. Kilichotokea ni kwamba bei ya jumla imegeuka kuwa bei ya rejareja, kama gunia la mchele linavyogeuka kuwa vibaba. Ongezeko hilo hutokea mara moja tu, siku shamba linapokatwa, na humwendea aliyelikata. Mnunuzi wa rejareja ananunua baada ya ongezeko kutokea. Ili naye apate faida, ni lazima kitu kingine kije: maji, umeme, lami, au majirani wanaojenga. Na hapo ndipo anapogundua kwamba majirani zake mia tatu ni watu kama yeye, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.

Sioni sababu ya kuwaita wakata mashamba hawa wezi, kama inavyofanyika mara nyingi mitandaoni. Matapeli wapo, na mahakama zetu zimejaa mashauri ya kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu wawili, lakini kampuni inayopima kihalali na kukabidhi hati imefanya kazi ambayo halmashauri nyingi zimeshindwa kuifanya kwa miongo kadhaa. Imempa mtu wa kipato cha kati kiwanja chenye namba, mipaka na barabara inayopitika. Huduma hiyo ina thamani na inastahili kulipiwa. Ila ni vizuri mnunuzi aelewe kwamba sehemu kubwa ya fedha yake imelipia huduma hiyo, pamoja na mkopo unaoitwa wa bila riba. Riba ipo, imo ndani ya bei. Anayetaka kuiona aombe bei ya fedha taslimu kisha aitoe katika jumla ya malipo ya kidogo kidogo. Asome pia kifungu cha kushindwa kulipa, kwa sababu katika mikataba ya aina hii niliyopata kuisoma, anayekwama mwezi wa kumi na nane hurudishiwa fedha zake pungufu, baada ya kiwanja kuuzwa upya, bila tarehe kutajwa. Kwa muda wote huo jina lake halimo katika kumbukumbu zozote za Msajili wa Hati.

Turudi kwenye suala la muda, kwa sababu ndilo kiini. Chukua kiwanja kilichonunuliwa kwa shilingi milioni 10 na ambacho mwenyewe, baada ya miaka kumi, anakitangaza kwa milioni 25. Kwa hesabu ya barazani amepata mara mbili na nusu. Sasa toa asilimia 10 ya dalali, toa kodi ya asilimia 10 ya faida, na malipo mengine madogo yakiwemo pango la ardhi la kila mwaka: mkononi zinabaki milioni 21 hivi. Hiyo ni sawa na ukuaji wa asilimia 7.7 kwa mwaka. Si mbaya, ni zaidi ya mfumuko wa bei, lakini milioni 10 hizohizo zingewekwa mahali panapolipa asilimia 12 na kurejeshwa humo kila mwaka zingefika milioni 31. Na viwango hivyo havikuwa ndoto: hati fungani ya serikali ya miaka 25 ilikuwa ikilipa asilimia 15.95 hadi Aprili 2022, iliposhushwa kuwa 12.56, na kianzio chake ni shilingi milioni moja. Lakini hata hesabu hiyo inampendelea mwenye kiwanja, kwa sababu inadhani kwamba aliuza siku aliyotangaza. Akisubiri mteja miaka miwili na kuipata bei yake ileile, milioni 21 hizo, kwa kipimo cha asilimia 12, ni sawa na milioni 16.7 za siku alipotangaza. Amepunguza bei kwa asilimia 20. Tofauti yake na muuza nyanya ni kwamba yeye hajui, na atakwenda kwenye harusi akiwaambia watu kwamba Kibaha viwanja ni milioni 25.

Nina ndugu yangu mwenye kiwanja cha namna hiyo. Kwa miaka minne amekuwa akitaja bei moja kwa madalali watatu tofauti, na alipopewa ofa ya pungufu kwa robo aliikataa kwa hasira, kana kwamba ametukanwa. Nilipomuuliza bei yake ameipata wapi, alinijibu kuwa ndiyo bei ya jirani. Nilimuuliza jirani. Naye hajauza.

Hapa ndipo tatizo linapokuwa la umma na si la mtu mmoja. Bei zinazozunguka katika soko hili ni bei zinazoombwa, si bei zilizolipwa. Dalali hana masilahi ya kutaja bei iliyolipwa, kwani kamisheni yake hutegemea matumaini ya muuzaji anayefuata. Wahusika wa muamala nao mara nyingi huandika katika mkataba kiasi pungufu ili kupunguza kodi, hivyo hata karatasi rasmi hazisemi kweli. Ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali ina viwango vya thamani ya ardhi kwa maeneo mbalimbali, vinavyotumika katika fidia na kodi, lakini hivyo ni viwango elekezi, si rekodi ya soko. Nairobi angalau kuna kampuni ya HassConsult inayochapisha kila robo mwaka mwenendo wa bei za ardhi katika vitongoji na miji ya jirani kama Kitengela na Juja, na mtu anaweza kuona mahali bei ilipokwama. Sisi tuna makundi ya WhatsApp. Katika mazingira hayo, soko likilala usingizi hakuna wa kuliamsha, kwa kuwa hakuna anayeona kwamba limelala.

Wanaotetea ununuzi wa kufuata miradi mikubwa watasema kwamba safari hii ni tofauti, treni ipo na inatembea. Ni kweli kwamba mradi uliokamilika ni bora kuliko uliotangazwa. Lakini historia ya miaka ya karibuni inataka subira. Mwaka 2008 serikali ilitangaza Mji Mpya wa Kigamboni, na kwa miaka kadhaa wamiliki wa maeneo yaliyoguswa hawakuweza kujenga wala kuuza kwa uhuru, wakisubiri fidia na majengo marefu yaliyokuwa kwenye picha. Mji haukuja, daraja lilikuja, mwaka 2016, na ndilo lililoleta watu. Mwaka 2013 ulitiwa sahihi mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo na jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015. Watu walinunua Zinga, Kiromo na Mlingotini kwa bei za mji wenye bandari. Mwaka 2019 mazungumzo yakasimama. Bei za mdomoni hazikushuka hata shilingi moja. Aliyekuwa na haja ya fedha mwaka 2020 ndiye anayejua alichoambiwa na wateja. Kuhusu treni, jambo la kuangalia ni nani anaitumia na kwa kazi gani. Stesheni ya Soga itapandisha thamani ya viwanja vya Soga siku mtu anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, atakapoweza kuishi huko, kwenda na kurudi kila siku kwa nauli inayolingana na mshahara wake na kwa ratiba inayomfikisha kazini saa mbili asubuhi. Reli iliyojengwa kwanza kwa ajili ya safari za Morogoro na Dodoma haifanyi kazi hiyo kwa sababu tu imepita karibu.

Wapo wanaosema dawa ni kutekeleza sheria: masharti ya hati humtaka mmiliki kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36, na asiyefanya hivyo anaweza kufutiwa miliki. Nina shaka na dawa hiyo. Ikitekelezwa kwa ukali itamkumba kwanza yule mwalimu mwenye kibubu chake, ambaye anafyatua tofali mia kila mwezi, na itamwacha mwenye viwanja arobaini aliyevigawa kwa majina ya ndugu na kumwaga msingi wa mawe kila kona ili kuonyesha maendelezo. Msingi wa aina hiyo ni mkorosho wa zama hizi. Njia ya kodi ina mantiki zaidi, lakini kwa sasa kodi zetu zinavuta kinyume. Mwenye nyumba ya kawaida hulipa kodi ya jengo kupitia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021, kila mwezi anaponunua umeme, apende asipende. Mwenye kiwanja kitupu hana mita. Anadaiwa pango la ardhi, ambalo kwa kiwanja cha makazi pembezoni ni dogo na ambalo wengi hulilimbikiza hadi siku ya kuuza. Kwa maneno mengine, anayejenga anatozwa kila mwezi na anayesubiri anatozwa akipenda. Kiwango cha pango kinachopanda kadiri miaka ya ukiwa inavyoongezeka, kwa viwanja vilivyokwisha kufikiwa na maji na umeme tu, kingegusa muda wa kusubiri bila kumnyang'anya mtu mali yake. Na kwa kuwa kila uhamisho wa miliki hupita mikononi mwa serikali kwa ajili ya kodi, hakuna kinachozuia bei za wastani za miamala, kata kwa kata, zichapishwe bila majina. Zitakuwa na kasoro ya watu kuandika pungufu, lakini hata namba yenye kasoro ni bora kuliko bei ya jirani ambaye hajauza.

Gharama ya kusubiri huku hailipwi na wenye viwanja peke yao. Kila eneo lililopimwa na kuachwa kichaka hulazimisha bomba la maji na nguzo za umeme kuruka kilomita kadhaa ili kumfikia aliyejenga mbele, na gharama hiyo hurudi kwa wote. Mkulima aliyeuza ekari zake kwa milioni tano tano, naye, amekwisha kuhama. Anauza nguvu kazi pembezoni mwa viwanja visivyolimwa wala kujengwa, na mara nyingi ndiye anayelipwa kufyeka majani ili mipaka ionekane Jumamosi wageni wanapokuja saiti. Katika vijiji vya Pwani, ambako ardhi iko chini ya halmashauri ya kijiji na uuzaji kwa mtu wa nje unahitaji ridhaa yake, ridhaa hizo zimekuwa zikitolewa kana kwamba ardhi ya akiba haina mwisho. Hapo ndipo usemi kwamba ardhi haiongezeki una ukweli wake: kwa kijiji haiongezeki.

Kuna tukio moja litakaloonyesha bei halisi ya viwanja hivi hata tusipochapisha takwimu yoyote, nalo limekaribia. Watumishi walionunua katika wimbi la kwanza, baada ya mwaka 2004, wakiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, sasa wamestaafu au wanakaribia, na viwanja vyao vitaanza kuingia katika mirathi. Warithi ni watano au sita, wengine wako Mwanza, wengine Mbeya, hakuna anayetaka kujenga Kimbiji, na njia pekee ya kugawana kiwanja kimoja cha mita 600 kwa watu sita ni kukiuza. Msimamizi wa mirathi hawezi kusubiri miaka minne kwa ajili ya bei ya jirani, kwa sababu anasukumwa na ndugu na anatakiwa kupeleka hesabu mahakamani. Atauza kwa bei inayopatikana. Atakapofanya hivyo mmoja, dalali atasema ni familia yenye shida. Watakapofanya hivyo ishirini katika mtaa mmoja ndani ya mwaka mmoja, bei waliyolipwa ndiyo itakayokuwa bei ya eneo, na wale waliokuwa wakitaja milioni 25 watakuta wateja wameshapita.